Mwonjaji wa Sufuria Kumi na Mbili

Saa tatu na dakika ishirini asubuhi, Ramadhani kumi na nne, sufuria kumi na mbili za mchuzi wa pweza zilikuwa zikichemka katika kituo cha mafunzo ya amali karibu na Mwanakwerekwe. Kila mwanafunzi alikuwa amekwisha kutia chumvi. Hakuna aliyeonja. Mtihani wa vitendo ukiangukia mwezi wa kufunga, chumvi hukadiriwa kwa jicho na pua, kama wafanyavyo wanawake majumbani, na makadirio yana alama kumi. Wa kwanza darasani angepelekwa jikoni kwenye hoteli moja ya Kizimkazi. Nafasi ilikuwa moja, na mwaka mzima Zuleikha Chilumba ndiye aliyeongoza.

Mwalimu Salhiya alisimama mbele ya sufuria ya Zuleikha.

"Futari ya wanafunzi wote wanaolala dahalia ni hii. Siwezi kuwapelekea watoto wa watu maji ya bahari. Chilumba, chukua kijiko uonje zote, na yako."

"Nnafunga, mwalimu."

"Tangu lini Wamakonde wakafunga?"

Jiko lilicheka. Riyama, aliyepika meza moja na Zuleikha, hakucheka.

"Kafunga, mwalimu. Jana nimefutari kwao."

"Nimekuuliza wewe?" Mwalimu hakumtazama. "Kwenu wapi, Chilumba?"

"Mwanakwerekwe."

"Hapo mnakaa. Nnauliza kwenu."

Babu yake alivuka kutoka Newala kuja kubeba magunia ya karafuu bandarini. Alioa Unguja, akazikwa Unguja. Zuleikha hakuyasema hayo. Alikwisha kuyasema mara mbili mwaka wa kwanza, na mara zote mbili Mwalimu Salhiya alimjibu, "Mmekuja wengi."

Alijua kwamba mpishi aliyefunga huruhusiwa kuonja kwa ncha ya ulimi, kisha akatema. Alijua pia kwamba anayekataa amri huandikwa mkaidi. Akachukua kijiko. Kila alipoonja alikwenda kwenye sinki, akatema, akasukutua. Alikwenda mara kumi na mbili.

"Ya Abdulwahid imezidi. Ya Talib haina chumvi. Zilizobaki sawa."

"Na yako?"

"Sawa."

"Ulimi wa bara huo," Talib alisema. "Ushazoea kula mchana."

Walicheka tena.

Magharibi, baada ya tende na maji, Mwalimu Salhiya alionja sufuria zote mwenyewe. Ya Abdulwahid ilikuwa imezidi. Ya Talib haikuwa na chumvi. Zilizobaki zilikuwa sawa. Aliandika, akafunga daftari.

Kesho yake saa tano fomu ya matokeo ililetwa darasani ili kila mtu atie saini mbele ya jina lake. Bashira, aliyekuwa wa pili mwaka mzima, sasa aliongoza kwa alama themanini na sita. Zuleikha themanini na moja. Kwenye makadirio ya chumvi alikuwa na sifuri, na pembeni yake maneno matatu: *Hakufunga. Ameonja mchuzi.*

"Nshatia chumvi ndipo uliponiambia nionje, mwalimu."

"Kanuni haisemi kabla wala baada. Aliyeonja hana makadirio."

"Na hili la kufunga?"

"Mtu aliyefunga angekataa."

Riyama alimvuta mkono. "Tia saini, mwenzangu. Hoteli ishakwenda. Usipotia, mtihani wako wote unafutwa, na cheti hupati."

"Nikitia, nimekubali kwamba nilikula."

"Nani atasoma huko?"

"Mimi nshasoma."

Mwalimu Salhiya alisukuma kalamu mpaka ukingoni mwa meza. "Watu wenu hawaishi kesi. Unatia, hutii?"

Zuleikha aliisoma fomu tena, tangu jina la kwanza hadi la mwisho. Kisha akarudi kwenye dawati lake, akaketi, akaweka mikono juu ya meza. Abdulwahid alitia saini yake. Talib akatia. Riyama alikaa na kalamu muda mrefu, naye akatia.

Saa sita na robo Mwalimu Salhiya aliitia fomu katika bahasha, akaifunga kwa gundi. Saini zilikuwa kumi na moja.