Nyumba ya Bwana Taratibu

Binti yetu wa pekee alipolazwa kwa mara ya tatu, hakuniagiza nguo wala matunda. Alisema nimwangalie Bwana Taratibu. Huyo ni kinyonga wake, aliyemwokota kwenye michongoma ya shule, na tangu hapo anaishi sebuleni kwetu ndani ya kreti kuukuu lililozibwa kwa wavu. Jirani yangu, mwanamke asiyemwogopa hata mwenye nyumba, aliacha kabisa kuingia ndani. Siku hizi tunasalimiana mlangoni.

Mume wangu ni fundi vioo. Nusu ya madirisha ya mtaa huu kayatia vioo yeye, na hakuna asiyejua, kwa sababu anasema mwenyewe. Lakini hospitali ilimshinda. Akifika wodini husalimia wagonjwa wote, wa kwake na wasio wa kwake, kisha huteleza nje akasimama kwenye korido mpaka nimalize. Kwa binti yake hana neno ila moja: ukirudi. Ukirudi tutafanya hivi, ukirudi tutakununulia vile. Daktari alishatuita sisi wawili akatueleza kwamba dawa hazifanyi kazi tena. Mume wangu aliitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani akasema lile kreti ni aibu, binti akirudi asikute kinyonga wake anaishi kama kuku wa kupelekwa sokoni.

Basi akaingia kazini. Alipiga fremu ya mbao, akaizungushia vioo vitupu, kingo zimesuguliwa hata mtoto mchanga asijikate, na upande wa nyuma akaweka kioo cha kujitazama ili sebule ionekane kubwa. Ndani akaweka chungu cha mmea wa majani mapana, akakaza vijiti vya kupandia. Ilikuwa kazi safi, sitamnyima haki yake. Wateja walipita kuiangalia. Nilimwambia ni nzuri kuliko nyumba tunayokaa sisi, akacheka, na kicheko hicho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

Bwana Taratibu hakuipenda nyumba hiyo. Siku aliyohamia alipanda kijiti, akatazama mbele yake, akavimba. Kijani chake kikageuka cheusi kama makaa. Alifungua mdomo, akayumba huku na huku, kisha akajikunyata pembeni. Nilimpelekea panzi, hakumgusa. Nilinyunyizia majani maji, maana kinyonga hanywi bakulini, hulamba matone, lakini hakulamba. Siku zikapita, macho yake yakaanza kudidimia. Mume wangu akasema ni ugeni tu, atazoea. Nilimjibu kwamba huyu hazoei, huyu anakufa, na akifa wewe ndiye utakayekwenda kumwambia mwanao. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa ya kinyonga.

Hospitalini nilijaribu kuficha, lakini binti yetu ananijua. Aliniuliza kama kinyonga wake anakula. Ikabidi nimweleze yote, vioo na weusi. Alifumba macho hata nikadhani amelala.

"Mama, anajiona," alisema. "Kila anakogeuka anakuta kinyonga mwingine anamkodolea macho. Hana pa kupumzika. Na humo hewa haipiti. Mwambie baba aondoe vioo, lakini mwambie polepole. Najua amejitahidi."

Nilimwambia polepole kadiri ninavyoweza, yaani si sana. Mume wangu hakubisha, na huyu ni mtu anayebishana hata na saa ya ukutani. Alitoa vioo kimoja kimoja, akavifunga kwenye magazeti, akaziba fremu kwa wavu laini pande zote, akaisogeza dirishani panapopata jua la asubuhi. Jioni Bwana Taratibu alilamba tone. Kesho yake alikula panzi mmoja. Weusi ukaanza kumtoka, kwanza ubavuni.

Baadaye hospitali wakaturuhusu kumchukua binti yetu. Hawakusema amepona, na sisi hatukuuliza. Tulimlaza kwenye kochi karibu na dirisha, mwepesi mno mikononi mwetu. Alimtazama kinyonga wake aliyerudia kijani, akatabasamu.

"Baba, atakaa na nyinyi nikiondoka?"

Nilisubiri lile neno la mume wangu, ukirudi. Niliona midomo yake ikilianza, likamkwama. Alivuta stuli, akaketi.

"Atakaa na sisi, mwanangu."

Moyo ulinipasuka, na papo hapo nilishukuru, maana tangu augue hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumjibu kweli kuhusu hali yake. Nililia pale pale, sikwenda kujificha jikoni.

"Basi nikufundishe kumlisha," alimwambia baba yake. "Mshike panzi miguu. Ingiza mkono, usimkimbize. Wewe subiri tu."

Mume wangu akaingiza mkono. Kinyonga aligeuza jicho moja, akamwangalia, hakusogea. Binti alikuwa akimwelekeza kwa sauti ya chini, baba asogee kidogo, baba atulie, mpaka sauti ikafifia na usingizi ukamchukua. Nilimwambia mume wangu anaweza kuutoa mkono sasa, mtoto amelala. Alitikisa kichwa, akauacha mkono mle ndani, akabaki ameketi pale kando ya binti yake.