Mpira wa Pampu Hauuzwi Peke Yake

Jana usiku nimeota, na kabla hamjaanza kunicheka, jueni kwamba nililala na hasira. Pikapu yangu ya zamani, Subira, imesimama uani tangu masika kwa sababu ya kipande kimoja cha mpira. Ni ule wa ndani ya pampu ya mafuta, upana wake haufiki kisosi. Bila huo petroli haipandi, na petroli isipopanda, gari ni banda la kuku. Mke wangu, Mama Tulizo, alikwisha kata shauri: asubuhi Sanga wa chuma chakavu anakuja na mzani wake, na Subira anaondoka vipande vipande.

Msidhani sikuhangaika. Nimezunguka Makambako yote, nimekwenda Mbeya, nimepiga simu Dar es Salaam. Kila duka la spea wananiuliza neno lile lile: "Sampo unayo?" Kwetu ndivyo spea inavyonunuliwa, unakwenda na kilichokufa mkononi ili wakifananishe. Mpira wangu ulisagika ukawa unga. Sasa unga nikaufananishe na nini, na dona?

Basi nikalala, na mara nikajikuta ndani ya duka la spea lisilo na mwisho. Nyuma ya kaunta amesimama jeki. Sisemi mtu anayeitwa Jeki, nasema jeki ya kunyanyulia gari, na amevaa kofia. Akijisikia anapanda, akichoka anashuka.

"Karibu, mteja. Sampo?"

"Imesagika."

"Basi lete sampo ya mwenye gari."

Sikuona ubaya. Napanda kaunta, nalala chali. Jeki ananipima kwa rula ya chuma, ananigonga kifuani, anasikiliza mlio. Kisha anapaza sauti kwa wenzake wa stoo: "Jamani, mzee mmoja, modeli ya zamani, mwenye kitambi! Tunaye?"

"Tunaye wa kushoto tu!" stoo ikajibu.

Nilisikitika, kwa sababu siku zote nilijua mimi ni wa kulia.

"Wewe hapa hatukuwezi," akasema Jeki akishuka taratibu. "Nenda kwa mzee Katalogi."

Kaunta ikawa barabara ya vumbi, barabara ikaishia ofisini. Humo amekaa kitabu kikubwa kwenye kiti cha kuzunguka, jalada lake la ngozi limefungwa vifungo hadi kooni. Kila akikohoa kurasa zinapepea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ukurasa?"

"Siujui."

"Watu wa siku hizi," akasema Katalogi kwa uchungu. "Mtu mzima na mvi zake, hajui hata ukurasa wake. Haya, ingia utafute mwenyewe. Na ufute miguu."

Nafuta miguu, naingia. Ndani ya ukurasa hakuna sakafu. Kila kitu kinaelea hewani kimefunguliwa, kama michoro ya katalogi ilivyo, bolti huku, nati kule, na kila kipande kina mshale wake na namba yake. Natazama chini, loo! Na mimi nimefunguliwa. Goti langu la kulia linaelea pembeni na namba yake. Kichwa kiko juu kabisa, na chini yake kuna washa, kile kipete cha bati kinachokaa chini ya nati, ambayo sikuwahi kujua kuwa ninayo. Haikuuma. Kiuno ndiyo kwanza kilipata nafuu.

Subira naye alikuwa pale, kila kipande mbali na mwenzake, na furaha tele.

"Umechelewa, Baba Tulizo," ikasema taa yake ya mbele.

Sauti ya Katalogi ikasikika kutoka juu, anasoma: "Gia boksi, ya trekta. Rejeta, ya basi la shule. Kitasa cha mlango, cha choo." Akaisoma orodha tena. "Hili si gari. Huu ni mkutano wa hadhara."

"Ndivyo alivyoniunga Fundi Kiswaga," akasema Subira bila aibu. "Na natembea."

"Ulikuwa unatembea."

Hapo roho ikaniuma kweli. Nikawaambia kwamba asubuhi mzani unakuja, na kwamba nikimwona Subira anakatwakatwa kama ng'ombe wa sikukuu mimi sitakula tena chakula kikashuka. Nililia, jamani, nasema bila kuficha. Kila chozi likapewa namba.

Katalogi akaona huruma, au labda aliogopa kulowa. Akaniletea mshale mmoja mrefu. Mwisho wake ulikuwepo mpira wangu, mpya, mweusi, na maandishi chini yake: *Hauuzwi peke yake. Huuzwa pamoja na gari zima.*

"Gari ninalo!" nikapiga kelele.

"Usiwe na papara. Soma na mshale wako."

Nikausoma. *Hauzwi peke yake. Huuzwa pamoja na mkewe.*

"Haya, mkeo yuko wapi?" akauliza Katalogi.

Namtafuta. Namwangalia karibu na usukani, hayupo. Nachungulia chini ya kiti, hayupo. Katalogi anachoka kusubiri, anajifunua mwenyewe ukurasa wa pili, na huko nyuma, juu ya magunia ya viazi, amekaa Mama Tulizo. Yeye ni mzima, hajafunguka hata kifungo. Mvua inamnyeshea peke yake.

"Mama Tulizo! Unafanya nini huko nyuma?"

"Wewe ndiye uliyeniweka huku. Mbele si anakaa Fundi Kiswaga?"

"Lakini gari likizima njiani, nani atalishughulikia? Na fundi ni mtu wa heshima, hawezi kupanda juu ya viazi."

"Na mimi?"

Katalogi akakohoa, akajifanya anatafuta miwani.

"Sokoni nimekwenda nyuma," akasema Mama Tulizo. "Kanisani, nyuma. Msiba wa mama yangu mzazi nimefika na udongo wa viazi kwenye kanga, na ninyi wawili mbele mnajadili klachi. Halafu unashangaa nikimwita Sanga?"

Niliona haya hadi namba zangu zote zikageuka nyekundu. Nikamwambia, "Njoo mbele, Mama Tulizo. Tafadhali, njoo mbele."

Yule mama hana haraka. Akaanza kuifungua aproni yake nzito ya mpira, ile aliyokuwa akivaa kiwandani kwenye majani ya chai. Akanitupia. "Kata hapo chini ya mfuko. Imemwagikiwa na mafuta ya mashine miaka yote, haijayeyuka. Huo mpira wako utaishinda nini?"

"Mbadala umekubaliwa," akasema Katalogi, akajigonga muhuri mwenyewe.

Mara tuko jikoni kwetu. Jeki anatuunga upya, mimi na Subira kwa pamoja, anafanya kazi huku anapiga mluzi. Alipomaliza ikabaki nati moja mezani.

"Na hii?" nikamuuliza.

"Hiyo haina kazi," akasema, akaitupa dirishani. Mafundi wote ni wale wale.

Nikaamka. Kumekucha, na upande wa pili wa kitanda ni mtupu. Nikatoka uani na shuka begani. Mama Tulizo amekaa ndani ya Subira, kiti cha mbele, kilemba kichwani, mkoba mapajani.

"Unafanya nini humo?"

"Si umeniita mwenyewe? Usiku kucha, njoo mbele, njoo mbele. Majirani wote wamesikia."

Nikapumua. Kumbe niliweweseka tu. Nikafungua boneti. Jana niliiacha pampu wazi, skrubu zake nimezitia kwenye kopo. Sasa pampu imefungwa na kopo ni tupu. Nikaingia, nikajipiga ishara ya msalaba, nikazungusha ufunguo. Subira akakohoa, akakohoa tena, akawaka! Kuku wakatawanyika. Mama Tulizo akacheka kile kicheko chake cha usichana, na mimi nikafurahi mpaka nikapiga honi bila sababu.

Barabarani Sanga alikuwa anashusha mzani wake. Akatutazama tukipita, akaanza kuupakia tena.

Tulipofika penye lami Mama Tulizo akafungua mkoba. Akatoa aproni yake, akaikunjua mapajani. Chini ya mfuko palikuwa na tundu la duara, limekatwa vizuri kabisa.

"Na hii," akauliza, "nayo umeota?"

Nikamwambia apandishe kioo, baridi inamwingia.