Waya Usiofika Mimbarani

"Ikishikwa hivi inaongea," Wacera alisema, akiukunja waya karibu na shingo ya maiki. "Ikiachwa inanyamaza."

"Basi ishikeni hivyo," alijibu fundi Njiru bila kuinua macho. Alikuwa na redio ya mtu mwingine mapajani, tumbo wazi, na chuma chake cha kulehemu kilikuwa kikifuka moshi mwembamba kuelekea paa la veranda.

"Kasisi ashike kitabu, ashike karatasi ya matangazo, halafu ashike na shingo ya maiki?"

"Mkono wa tatu si mtamwazima nyinyi watu wa kanisa?"

Wanaume wawili waliokuwa wamekalia kreti za soda walicheka. Wacera hakucheka. Alikuwa ametoka kwao, kwenye mwinuko ulio juu ya Othaya, kabla umande haujakauka, waya ukiwa umejaa kiondoni kama utumbo wa mbuzi. Hapo mjini Nyeri alianza na duka lenye madirisha ya vioo. Kijana mwenye tai alimweleza kwamba waya wa namna hiyo hautengenezwi, unanunuliwa, tena Nairobi, na alipotaja bei Wacera alimshukuru kwa adabu akatoka. Katika bahasha aliyopewa na Gicheru, mweka hazina wa kanisa, mlikuwa na noti moja ya shilingi kumi. Juu ya bahasha Gicheru alikuwa ameandika: *Rudisha chenji na risiti.*

"Fundi," alisema kwa sauti ileile ya chini, "Jumapili ni kesho kutwa."

Labda ni ile sauti, isiyopanda wala kushuka, iliyomfanya Njiru aweke redio kando. Aliuchukua waya, akaufunga upande mmoja kwenye betri na upande wa pili kwenye balbu ndogo ya tochi. Balbu ikawaka.

"Umeona? Hii waya ni mzima kama wewe, mama."

"Mimi mgongo unaniuma tangu mwaka jana. Ukunje."

Aliukunja. Balbu ikakonyeza, ikazima. Njiru alisema "Aa," kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani. Alikata kipande kilichokuwa shingoni mwa maiki, akalehemu, balbu ikawaka na kutulia. Wacera akamwambia aendelee kukunja. Njiru akakunja huku akipiga mluzi, na karibu na ncha ya pili ya waya, mahali ambapo mabenchi ya nyuma huukanyaga kila siku ya mavuno akina mama wakivuta magunia ya viazi kwenda mbele, balbu ikazima tena.

"Ati hata hapa! Nyinyi mnaombea juu ya hii waya ama mnalima juu yake?"

Alikata pale, akaunganisha, akazungusha utepe mweusi hadi mahali pale pakavimba kama goti. Wacera alilipa, akaomba risiti. Njiru alimwandikia kwenye karatasi ya pakiti ya sigara.

*

Ukimwona Wacera ameketi kwenye gari la kurudi Othaya, kiondo kikiwa juu ya magoti, ungedhani ni mwanamke aliyetoka kununua pamba ya taa. Lakini ndani ya kiondo kile mlikuwa na arusi ya binti yake.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Binti yake, Warigia, alikuwa amechumbiwa na Mburugu, mpimaji wa mashamba, kijana wa upande wa Meru. Kanisa lao hutangaza ndoa Jumapili tatu mfululizo, ili mwenye neno alitoe. Tangazo la kwanza lilisikika. La pili likasikika. La tatu, Jumapili iliyopita, Kasisi Mutahi alifika kwenye jina la bwana arusi, spika ikakoroma, ikafa. Akamalizia kwa sauti yake mwenyewe, nayo ni sauti ya mtu aliyelelewa na nyanya yake katika nyumba ya wagonjwa.

Baada ya ibada, Mzee Kingori alisimama uani akiegemea mkongojo, akasema hakusikia kitu.

Kingori alikuwa kaka mkubwa wa marehemu mume wa Wacera, na katika mambo ya Warigia yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba. Kasisi alimuuliza, "Mzee, una pingamizi gani?"

"Pingamizi? Sina pingamizi. Sikusikia tu. Mtoto wa ndugu yangu anatangazwa, mimi nasikia mkorogo wa uji. Hilo ni tangazo?"

Kila mtu alijua. Kingori hakutaka mkwe kutoka upande wa pili wa mlima, lakini kanisa halikuitambua hiyo kama sababu, naye hakuwa mjinga wa kuitaja. Kutosikia kulimtosha. Kasisi, ambaye ndio kwanza alikuwa na mwaka mmoja pale na aliogopa barua za kwa askofu, akaamua: tangazo la tatu lirudiwe Jumapili inayofuata, na lisikike mpaka nje, anakokaa Kingori. Arusi ilikuwa Jumamosi baada ya Jumapili hiyo, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, na wakati wa Kwaresima hakuna ndoa. Baada ya Pasaka Mburugu angekuwa ameshapelekwa kazini Lodwar, kaskazini ya mbali, na likizo yake ilikuwa mwakani. Kingori alikuwa na subira. Alijua mwaka mmoja wa Lodwar unaweza kufanya kazi ambayo yeye hakuthubutu kuifanya kwa mdomo.

Jumatatu Wacera alimwendea, akampelekea maziwa ya kuganda, akamwomba, kwa Jumapili hiyo moja tu, akae ndani ya kanisa.

"Mama Warigia," Kingori alisema baada ya kunywa yote, "kikohozi changu na neno la Mungu havikai chumba kimoja. Mimi nitakaa pale pangu, nje, kwenye jua. Mkitaka nisikie, si kanisa liko na spika?"

Kanisa lilikuwa na spika. Nani asiyejua? Wacera ndiye aliyefagia kanisa, aliyebeba betri ya gari kichwani kwenda kuchajiwa Othaya, aliyeunganisha nyaya na kuzikunja. Na spika ilipokufa, watu walimtazama yeye.

*

Ijumaa jioni, kwaya ikiwa mazoezini, aliutandika waya kutoka mlangoni hadi mimbarani. Kifaa chenyewe cha kukuza sauti kilikaa ndani ya sanduku la mbao lililopigiliwa ukutani karibu na mlango, ili kiwe jirani na tarumbeta la spika lililotazama bondeni. Akageuza kitufe. Warigia, aliyekuwa akiimba sauti ya pili, alikuja mbele mwenyewe, akasogeza mdomo.

"Haleluya," alisema.

Nje, tarumbeta lilisema haleluya. Kisha, bila mtu yeyote kufungua kinywa, likasema kwamba bei ya pareto imetangazwa, na baada ya hapo likatoa salamu kutoka kwa mtu wa Kisumu kwenda kwa shangazi yake na wote wanaomfahamu.

Kwaya ilianguka juu ya mabenchi kwa kicheko. Warigia naye alicheka, mpaka akaona uso wa mama yake.

"Mama, ni redio inaingia. Labda Jumapili asubuhi hawatakuwa wanasema sana."

"Jumapili asubuhi kuna mahubiri kwenye redio," Wacera alisema. "Tutamtangaza nani na nani? Wewe na askofu wa Nairobi?"

Alizima. Akakaa kwenye benchi la nyuma, akautazama ule uvimbe wa utepe mweusi. Alitamani sana kuwa na mtu wa kumfokea. Njiru alikuwa mbali. Gicheru alikuwa akisubiri chenji. Alivua kiatu kimoja, akakitazama, akakivaa tena.

*

Jumamosi asubuhi alikuwa Othaya, kwa Simeon, fundi wa baiskeli ambaye pia alitengeneza redio siku baiskeli zilipokuwa chache. Njiru hakupatikana; Jumamosi huenda kwao Embu, na hata kama angalikuwepo Wacera hakuwa na nauli ya Nyeri.

Simeon aliufumua utepe polepole, akainama, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa.

"Nani alikufanyia hii?"

"Fundi."

"Huyu si fundi. Huyu ni adui."

"Simeon, yeye alisema sisi tunalima juu ya waya. Wewe unasema yeye ni adui. Mimi nataka waya uongee."

Simeon alimwonyesha. Ndani ya waya kulikuwa na uzi mmoja wa shaba, na uzi ule umevikwa soksi ya nyuzi nyembamba zilizosukwa. Njiru alikuwa ameunga uzi wa ndani na kuisahau soksi. Soksi ikiwa na tundu, redio zote za nchi huingia.

"Basi iunge soksi."

"Ingekuwa nzima ningeunga. Tazama, imeoza. Kutoka hapa kwenda mimbarani, yote ni kutu. Kutoka hapa kurudi mlangoni iko sawa. Dawa ni kukata, nikuwekee maiki hapa."

"Kinachobaki kinafika wapi?"

Simeon aliunyosha waya kwenye vumbi mbele ya kibanda, baiskeli zikiupita pembeni. Wote wawili waliutazama. Haukuhitaji maelezo. Kutoka sandukuni usingepita benchi la mwisho.

"Kata," alisema Wacera.

Akitoka pale alipitia kwa Gicheru, aliyekuwa akipogoa mibuni yake. Akamweleza kwamba kama waya haufiki kwa Kasisi, basi sanduku lisogezwe kwa Kasisi. Misumari sita tu. Angeing'oa yeye mwenyewe.

Gicheru aliweka panga chini. "Mama Warigia, hilo sanduku lilipigiliwa kwa azimio la kamati."

"Najua. Nilishika taa."

"Basi haliwezi kung'olewa bila azimio la kamati."

"Kamati inakutana lini?"

"Baada ya Pasaka." Kisha, kwa upole kabisa, akaongeza, "Chenji iko?"

Wacera alifungua kitambaa, akampa senti zilizobaki pamoja na karatasi ya sigara. Gicheru aliigeuza upande wa pili, akasoma jina la sigara, akaigeuza tena. Wakati huo Wacera alikuwa ameshafika barabarani, na kuku waliokuwa njiani walimpisha mapema.

*

Jumapili Kasisi Mutahi alikuta maiki imesimama kizingitini, na Wacera amechuchumaa kando ya sanduku.

"Hii ni nini?"

"Waya ndipo unapofika, Kasisi."

"Nihubiri mlangoni? Niwape watu mgongo?"

"Mahubiri utatoa mbele, kwa sauti yako. Matangazo tu, utakuja hapa."

Kasisi alitazama waya mfupi, akatazama mimbari kule mbali, akatazama mwanamke aliyekuwa mbele yake. Macho ya Wacera yalikuwa mekundu, na Kasisi akaona si vizuri kuendelea kuuliza.

Nje, kando kabisa ya kizingiti, Mzee Kingori alikuwa ameshaweka kigoda chake mahali pake, ukutani, kwenye jua la asubuhi. Alikuwa amelaza mkongojo magotini na kufungua kibati cha ugoro. Wazee wengine wawili walikuwa kando yake. Aliona maiki ikisimamishwa karibu na bega lake, akaipa kisogo.

Ibada ilienda. Mahubiri yalisikika hadi benchi la tano, na kuanzia la sita watu walijihubiria moyoni. Kisha Kasisi akashuka, akapita katikati ya wanaume upande huu na wanawake upande ule, kanzu ikisugua sakafu, vichwa vyote vikigeuka kumfuata kama alizeti. Alipofika kizingitini Wacera aligeuza kitufe.

Tarumbeta lilipiga yowe. Watoto waliziba masikio. Kasisi aliruka nyuma, na Wacera akarudisha kitufe kidogo, kidogo tena, mpaka yowe likawa mvumo. Lakini Kasisi alikuwa ameshatishika, na mtu aliyetishika husoma kwa nguvu. Alishika karatasi kwa mikono miwili, akaisogeza maiki, na sauti ambayo hakuna aliyejua anayo ikatoka.

"Natangaza kwa mara ya tatu na ya mwisho! Ndoa kati ya Mburugu, wa Meru! Na Warigia, binti wa marehemu Muriithi, wa kanisa hili! Kama yuko mtu anayejua sababu yoyote..."

Mzee Kingori alishtuka hadi ugoro wote ukamwagika kwenye koti. Aliinuka kwenye kigoda akigeuka, pua yake ikawa shibiri moja kutoka kwenye maiki.

"Ngai! Kwani Warigia haolewi bila watu kupasuliwa masikio? Mimi si kiziwi!"

Tarumbeta lilichukua kila neno. Likalipeleka bondeni juu ya mibuni na paa za mabati, likavuka mto, likagonga mwinuko wa pili ambako watu wa kanisa lingine walikuwa ndio kwanza wanatoka ibadani, na kutoka huko maneno yakarudi, yamechelewa kidogo, yamepungua: *si kiziwi*.

Hakuna aliyecheka. Kingori aliinua uso kulitazama tarumbeta, kama mtu anayetaka kujua ni nani huyo aliyesema. Mzee aliyeketi kando yake alianza kumpangusa ugoro kwenye koti, taratibu, bila kumtazama usoni. Katika benchi la kwaya Warigia alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

Wacera alibaki amechuchumaa. Vidole vyake viwili vilikuwa vimeushika waya pale unapoingia sandukuni, na hakuthubutu kuvilegeza. Kasisi aliisogeza karatasi karibu na macho, akarudia swali lake, safari hii polepole, kisha akangoja, kama ibada inavyotaka. Juu ya ukuta tarumbeta liliendelea kuvuma, wazi, likilisubiri neno lolote.