Gari Zima, Shemeji

Kornel alikuwa na gereji ya mabati pale Mazwi, mjini Sumbawanga, na kwa miaka kumi na saba hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba kazi yake ni ya ovyo. Watu wa maofisini walimletea magari yao, wakamwachia funguo, wakaenda zao bila hata kugeuka nyuma. Sifa hiyo aliipenda. Aliipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri, nayo ndiyo iliyomponza.

Shemeji yake Redempta, dada mkubwa wa mkewe Angela, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka arobaini na mitatu, huku walimu wenzake wakimcheka, na mwezi wa nne akapata gari dogo lililotumika kwa mzee Bundala, mnunuzi wa mahindi aliyehamia Sumbawanga miaka mingi iliyopita kutoka Usukumani.

"Sinunui mpaka wewe uliangalie," alimwambia Kornel. "Mimi najua usukani tu. Ya huko chini unayajua wewe."

Kornel akaenda kuliangalia Jumatano. Alikuwa ametoka kwenye kikao cha jumuiya, amevaa shati jeupe, na mvua ilikuwa imeufanya ua wa Bundala kuwa tope tupu. Aliwasha injini akaisikiliza, akajaribu gia, akakanyaga breki mara tatu nne, akalizungusha gari mpaka barabara ya lami na kurudi. Hakupiga jeki. Hakuingia uvunguni. Akiwa bado amesimama pale uani akapiga simu.

"Gari zima, shemeji. Nunua."

Kesho yake wakaenda kukabidhiwa. Redempta akiwa ndani anaandikishana na mke wa Bundala mbele ya mjumbe, mzee mwenyewe alimvuta Kornel kando.

"Fundi, kuna kitu," alisema. "Mpira wa breki wa mbele kushoto, ule unaopeleka mafuta kwenye gurudumu, umeanza kuchanika. Mimi nilikuwa naendesha hapa hapa mjini, nikawa nauahirisha. Wewe ni ndugu yake. Mbadilishie kabla hajaenda nalo mbali."

Hapo ndipo Kornel angeweza kusema kwamba hakuuona. Yalikuwa maneno mawili tu. Badala yake aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa jambo analolijua.

"Niliuona, mzee. Nitaushughulikia."

Redempta akatoka na funguo mkononi, anacheka peke yake kama msichana. Kornel hakumwambia kitu. Angeanzaje? Jana amesema gari ni zima, leo aseme lina ubovu ambao mwenye mahindi kauona na fundi hakuuona? Akajiambia kwamba Jumatatu atatafuta mpira mwingine, amwite shemeji kwa kisingizio cha kubadilisha oili, aufunge kimyakimya, na mambo yaishe.

Lakini Ijumaa alasiri Redempta alipita gereji, gari limeoshwa linang'aa.

"Kesho tunashuka Wampembe na mama," alisema kupitia dirishani. "Mtoto wa Alphonce anabatizwa Jumapili. Mama hajamwona mjukuu huyo hata siku moja."

Alphonce alikuwa kaka yao, mchuuzi wa samaki huko ziwani. Kornel aliijua barabara ile. Ukishaacha lami ni vumbi na mawe, kisha mlima unakuteremsha kona baada ya kona, na breki ndiyo roho yako.

Aliinama kwenye gurudumu la mbele kushoto, akajifanya anaangalia upepo. Akaupenyeza mkono kwa ndani mpaka ukaufikia ule mpira. Kidole kikapita juu ya nyufa, nyembamba, kama za kisigino cha mtu anayetembea peku. Akakitazama kidole chake. Kilikuwa kikavu, hakuna mafuta. Bado hauvuji, akajiambia. Gari litakwenda na kurudi.

"Vipi, matairi yapo sawa?" Redempta aliuliza.

"Yapo sawa. Ukishuka mlima usiende mbio."

"Mimi tena? Wananiita kobe."

Akaondoka, akipiga honi.

Jumamosi saa tano asubuhi simu ya Angela ililia. Kornel alikuwa mezani anakunywa chai. Alimwona mkewe akisimama, akikaa, akisimama tena, na kabla hajaambiwa neno alishajua.

Breki zilikataa katikati ya mteremko. Redempta alikanyaga pedali ikazama mpaka chini. Alivuta breki ya mkono, gari likayumba tu, likaendelea kushuka. Upande wa kulia kulikuwa na bonde. Akakata usukani kushoto, akaligongesha gari kwenye ukingo wa mlima. Yeye alipasuka paji la uso. Mama yao, Marsiana, mwanamke wa miaka sabini na moja aliyekuwa bado analima ulezi wake kwa mkono, alivunjika paja. Lori la dagaa ndilo lililowapakia na kuwapandisha hadi hospitali.

Kornel alikwenda mwenyewe kulivuta gari. Aliuona mpira umepasuka palepale kidole chake kilipopita.

Jumatatu Redempta, kichwa kimefungwa bandeji, alikwenda kwa Bundala. Angela alikuwa naye, pamoja na ndugu wengine wawili, na Kornel hakuwa na namna ya kubaki nyumbani. Uani palikuwa na wapakiaji wa magunia na akina mama waliokuja kuuza mahindi. Angela hakungoja salamu.

"Ulijua gari bovu ukamuuzia dada yangu! Ulitaka wafe?"

Bundala aliwatazama wote, kisha akasema taratibu, "Nilimwambia fundi wenu. Siku ile ile ya kukabidhiana. Nilimwambia mpira wa breki umechanika."

Wote wakageuka. Redempta naye akageuka, jicho moja limevimba chini ya bandeji.

"Alikwambia, shemeji?"

Kornel aliwaona wapakiaji wameacha kazi. Alimwona mkewe, uso wake umewiva kwa hasira, na hasira hiyo haikuwa juu yake. Akasema, "Hapana. Hakuniambia."

Bundala hakupiga kelele. Alimtazama Kornel kwa muda, kama anayetafuta mahali alipowahi kumwona, kisha akaingia ndani. Mwanamke mmoja akajitwika kiroba chake cha mahindi akatoka nacho, na wengine wakamfuata.

Tangu siku hiyo Kornel hakukaa vizuri ndani ya ngozi yake. Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa. Wateja walimpa pole. Walisema hawa watu wa kuja ndivyo walivyo, na yeye akainamia injini asionekane uso. Alisikia kwamba akina mama wameacha kumuuzia Bundala, eti mtu aliyetaka kuua bibi kizee kwa gari bovu hawezi kuwa na mizani ya haki. Chakula kikawa hakipiti. Angela alidhani ni huzuni ya mama yake, akazidi kumhurumia, akamtengea nyama nzuri, naye akaila kama anakula mchanga.

Hospitalini, Mama Marsiana alikuwa amelazwa mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Kornel alikuwa akienda jioni na kusimama mlangoni, kwa heshima ya mkwe, anasalimia na kuondoka. Wiki ya tatu alikuta kando ya kitanda chupa ya chai ambayo si ya kwao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Victor. Leo ingia. Angela ameenda kufua, na mimi nimechoka kutazama dari."

Akaingia, akakaa kwenye ukingo wa benchi.

"Hayo ni maziwa," mama alisema, alipoona anaitazama ile chupa. "Yule mzee Bundala huyaleta kila asubuhi. Angela aliyamwaga mara ya kwanza. Mara ya pili nikamkataza. Mtu haamki na giza kukamua ng'ombe kwa ajili ya mtu aliyemdanganya. Au anaamka?"

Kornel akaivua kofia, akaiweka magotini.

"Nieleze kitu. Huo mpira unakatika ghafla, kama uzi, au unaanza pole pole?"

"Pole pole, mama. Unachanika kidogo kidogo."

"Kwa hiyo unaonekana."

"Unaonekana."

"Na nani?"

Kornel alifungua mdomo aseme, "Na mwenye gari," lakini sauti iliyotoka ilisema, "Na fundi."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa anakohoa. Kornel aliikunja kofia yake, akaikunjua, kisha yote yakamtoka kwa mkupuo, bila kupanga: shati jeupe, tope, simu, maneno ya Bundala, kidole chake kilichotoka kikavu, na jinsi alivyosema hakuambiwa. Alipofika mwisho alikuwa analia, mtu mzima, mbele ya mama mkwe wake.

Mama hakumbembeleza wala hakumfokea. Alikuwa ameukaza mkono wake kwenye blanketi.

"Redempta anajua?"

"Bado, mama. Nilifikiri, labda wewe…"

"Mimi?" Sauti yake ikapanda kwa mara ya kwanza. "Umenivunja mguu, sasa unataka nikubebee na hilo? Hapana, baba. Toka hapa uende ukamwambie mwenyewe. Ukimaliza, nenda kwa yule mzee uliyemfanya mwongo. Usirudi kunisalimia kabla hujafanya hivyo."

Alimkuta Redempta shuleni kesho yake, saa ya mapumziko, darasani peke yake, anasahihisha madaftari. Kovu la paji la uso lilikuwa bado jekundu. Kornel alisimama mbele ya ubao kama mwanafunzi, akasema.

Redempta aliisikiliza habari yote bila kuweka kalamu chini.

"Ijumaa ile ulipoinama," aliuliza, "hukuwa unaangalia upepo?"

"Niliugusa ule mpira. Ulikuwa mkavu."

"Ukasema matairi yapo sawa."

"Nilisema."

Akaiweka kalamu chini. "Unajua kwa nini sijashika usukani tangu siku ile? Si kwa kuogopa breki. Pedali ilipozama, wazo la kwanza lililonijia ni kwamba nimekanyaga vibaya. Kwa sababu Kornel alisema gari zima. Nililala hospitalini najilaumu, natafuta kosa langu liko wapi. Hata baada ya wao kusema ni Bundala, mimi usiku nilikuwa nasema, dereva mzuri angeliokoa. Nimemvunja mama yangu. Wiki tatu, Kornel! Ulikuwa unaniletea uji, unaniona."

Hakumwita shemeji. Hilo Kornel alilisikia kuliko mengine yote. Alisema samahani, na neno lenyewe likaonekana dogo, halina pa kukaa katika darasa lile. Kengele ikalia, watoto wakaingia, akatoka akipishana nao mlangoni.

Kwa Bundala alifika mchana. Wapakiaji walikuwepo, ila mahindi yalikuwa machache. Kornel alipaza sauti makusudi, ili asipate nafasi ya kurudi nyuma: mzee alimwambia, na yeye ndiye aliyedanganya.

"Nimesikia," Bundala alisema. Alikuwa amekaa juu ya gunia, na alionekana amechoka zaidi kuliko kufurahi. "Mimi nami nina langu. Ningeufunga huo mpira mwenyewe kabla ya kuuza, kama ningekuwa na akili. Ndiyo maana napeleka maziwa. Lakini wewe, umewaambia wale akina mama waliokuwa hapa?"

"Hawapo, mzee."

"Wapo sokoni. Kawaambie."

Ilimchukua siku tatu. Alipita genge kwa genge, kiroba kwa kiroba, akirudia maneno yale yale, na hayakuwa mepesi kwa kurudiwa. Wengine walimsikiliza wakaguna. Wengine walimwuliza kama haoni aibu. Mmoja aitwaye Leonia, mwuza mahindi, alimkazia macho akasema, "Msukuma amekuhonga nini?" Na Kornel alivyozidi kuapa ndivyo mama huyo alivyozidi kutikisa kichwa. Mpaka leo haamini, na mahindi yake hampelekei Bundala.

Angela alihamia chumba cha watoto kwa wiki mbili. Aliporudi hakueleza kwa nini amerudi, na Kornel hakuthubutu kuuliza. Wateja wawili wa maofisini walihamisha magari yao. Redempta alilipeleka lake kwa fundi mwingine, upande wa pili wa barabara, na kwa siku nne Kornel alifanya kazi akiliona likiwa juu ya mawe, gurudumu moja limetolewa, mtu mwingine amelala chini yake.

Mama Marsiana aliruhusiwa mwezi wa sita. Redempta alikuja kumchukua kwa gari, akiendesha mwenyewe, mgongo umenyooka, mikono yote miwili kwenye usukani. Kornel alimbeba mama hadi kiti cha mbele, akamfungia mkanda. Mama akamgusa begani, akasema, "Ahsante, baba Victor." Kornel alipozunguka kwenda upande wa dereva, Redempta alikuwa ameshawasha injini.

"Jumapili ndugu wote wanakuja kwangu kumkaribisha mama," alisema, akitazama mbele. "Angela na watoto waje. Wewe usije kwanza. Nitakuita."

"Sawa, shemeji."

Gari likatoka taratibu getini na kushika barabara. Sasa ni mwezi wa tisa, ulezi umeshavunwa na kupepetwa, na Angela hurudi kutoka kwa dada yake kila Jumapili na salamu za mama. Simu ya Redempta bado haijaja. Kornel halali mbali na simu yake.