Muuguzi wa Nyuma ya Banda la Kuku

Mpaka leo sijaelewa, na si kwamba sijajaribu. Nimefunga mahema ya maonyesho, nimeendesha malori ya ng'ombe, nimechuma tufaha na kupakua nafaka, nimevuka mipaka ya majimbo mara nyingine nikiwa nimesinzia. Kwangu mpaka ulikuwa kibao barabarani na bei ya petroli kubadilika, basi. Halafu nikaja kukaa kwa dada yangu Arvilla, kaskazini kabisa mwa jimbo la Missouri, ambako jimbo la Iowa linaanzia nyuma ya banda lake la kuku, nikakuta mpaka una meno.

Nilifika majira ya machipuo nikikokota trela langu, ndiyo nyumba yangu hiyo, nikaliegesha chini ya mti wa mwalnati. Nikamwambia nitakaa hadi soya zivunwe.

"Utaondoka hata supu haijapoa," alisema Arvilla. "Nakujua, Delmer. Hata mama alikuwa akikuandalia sahani ya bati ili usiivunje ukikimbia."

Alikuwa amezeeka kuliko nilivyomwacha. Moyo wake ulikuwa umechoka, miguu inajaa maji, na alikuwa anameza vidonge vya kuyatoa. Hivyo vidonge alikuwa anaandikiwa na Janelle Kottwitz, kule mjini Pell, kwenye kliniki iliyokuwa zamani duka la viatu. Nilimpeleka mwenyewe mara kadhaa. Janelle ni mama wa makamo, mikono mikubwa kama ya mkamua ng'ombe, na kabla hajakugusa na kile chuma cha kusikilizia moyo hukipasha moto kiganjani. Ukutani alikuwa ametundika vyeti vyake katika fremu: cha chuo, cha bodi ya taifa, leseni ya Missouri, leseni ya Iowa, na karatasi moja yenye sahihi mbili, yake na ya daktari mmoja aitwaye Ruddock.

"Asante, daktari," Arvilla alikuwa akimwambia kila akitoka.

"Mimi si daktari, Bi Arvilla. Ni muuguzi bingwa wa familia. Napima, natibu, naandika dawa, kuanzia kichanga hadi wewe."

"Sasa daktari anafanya nini ambacho wewe hufanyi?"

"Daktari ni Dokta Ruddock. Anapitia baadhi ya mafaili yangu. Ndio mkataba wetu."

"Yule mzee wa kofia ya majani? Mbona hajaniona hata siku moja!"

"Hahitaji kukuona. Anahitaji kuwepo."

Nilicheka siku ile. Nilidhani ni mzaha.

Basi Dokta Ruddock akaacha kuwepo. Alifia kwenye karamu ya samaki ya kanisani, sahani mapajani, ameketi vizuri tu, watu wakadhani anasali. Walipomzika, kliniki ya Janelle ilikuwa imefungwa. Nilizunguka mlango wa nyuma nikamkuta anapanga chupa za chanjo kwenye sanduku la barafu.

"Vipi, mama, unahama?"

"Siwezi kumtibu mtu hapa, mzee Delmer. Sheria ya Missouri inataka niwe na mkataba na daktari, na mkataba umekufa na mwenzangu. Mpaka nipate daktari mwingine wa kusaini."

"Si upate basi."

"Nimepiga simu mpaka sikio limekuwa moto. Mmoja anastaafu, mwingine hospitali yake haimruhusu, mwingine anataka nimlipe zaidi ya kodi ya jengo."

Niliangalia ukutani. Fremu nne bado zilining'inia. Ya tano ilikuwa imetolewa, imeacha doa jeupe kwenye rangi. Nikajaribu kupiga hesabu kichwani: karatasi nne zinasema anaweza, na moja ambayo haipo inasema hawezi, na hiyo ambayo haipo ndiyo inayosikilizwa.

"Na hii ya Iowa?"

"Iowa sihitaji daktari wa kunisainia. Kule nafanya kazi kwa leseni yangu mwenyewe. Alhamisi huwa niko kliniki ya kule."

"Kwa hiyo ukivuka mpaka unaongezeka akili?"

"Mzee, usinianze."

"Nauliza tu. Na ukirudi jioni inapungua?"

Alinirushia kitambaa cha kufutia meza. Lakini hakucheka.

Nilimwambia Arvilla twende hospitali kubwa. Akakataa kabla sijamaliza. Mara ya mwisho, alipovunjika nyonga, hospitali ilimtoa ikampeleka nyumba ya wazee, akakaa majira yote ya baridi akisikiliza televisheni ya mwenzake, na kuku wake wote wakafa. "Hospitali ni mlango wa mbele wa nyumba ile," alisema. "Siingii. Nitakufa humu humu nikiwa na viatu vyangu." Nikamwonyesha kwamba viatu vyenyewe havimwingii tena. Akanipa kisogo.

Vidonge vilikwisha. Alianza kulala ameketi kwenye kiti, maana akilala chali anakosa pumzi. Kliniki ya Iowa ilikuwa haipokei wagonjwa wapya hadi majani yapukutike. Ila Janelle aliniambia kwamba Alhamisi mchana huwazungukia majumbani wale wa upande ule wasioweza kutoka.

Hapo nikapata wazo, na mimi mawazo huwa hayanijii mara nyingi.

"Nyuma ya banda la kuku ni Iowa," nikamwambia. "Shamba ni la dada, Gaylen Boatright analikodi tu. Tukimweka pale kwenye kiti?"

Janelle alinitazama kama mtu anayesubiri nicheke. Kisha akauliza bodi ya Iowa, akauliza na wakubwa wake wa kliniki. Akanirudia na uso wa mtu aliyepigwa kofi. "Wanasema kinachoangaliwa ni mgonjwa yuko wapi anapotibiwa. Si anakolala. Akiwa Iowa, yuko Iowa."

Alhamisi nikatoa kiti cha jikoni nikakiweka hatua chache kupita nguzo ya chuma ya mpaka, katikati ya soya. Arvilla aliketi na kofia yake ya kanisani, kuku wakimtazama kupitia wavu. Janelle akaja kwa barabara ya upande wa Iowa, akaegesha, akakatiza shamba na mkoba wake. Kabla hata hajamshika mkono mgonjwa, Gaylen akatokea na trekta lake.

"Mnafanya pikiniki kwenye soya zangu?"

"Tuko Iowa," nikamjibu. "Tunatibiwa."

"Iowa gani? Hiyo nguzo baba aliing'oa kwa plau akilima hapa, mimi nikiwa mdogo. Akairudisha kwa kukadiria. Siku hiyo alikuwa amekunywa."

Janelle akarudisha mkono mfukoni. "Basi mpaka uko wapi?"

"Trekta linajua." Akageuza kile kioo kinachomwelekeza mistari ya kupanda, kinachozungumza na setilaiti. "Bima ya mazao inataka nitenganishe majimbo. Mko Missouri bado. Sogeeni."

"Wazee wetu walitaka kupigana vita juu ya mpaka huu kwa sababu ya miti yenye asali ya nyuki," alisema Arvilla, "nasi tunauliza trekta."

Nikabeba kiti. Arvilla akatembea, mkono wangu mmoja chini ya kwapa lake. Gaylen akasema bado. Tukasogea. Bado kidogo, bibi, zungukeni huo mfereji. Soya zilikuwa zinatushika magotini. Nilisikia pumzi yake ikipiga filimbi. Mwishowe Gaylen akainua mkono. "Hapo! Hapo hata mwanasheria hapingi."

Arvilla akaanguka kwenye kiti. Midomo ilikuwa imepata rangi ya zabibu. Janelle akapiga goti, akambana kidoleni kile kidude cha kupima hewa, akasikiliza mgongo, akabonyeza mguu na shimo la kidole likabaki palepale.

"Hapana," alisema. "Hii si ya vidonge tena. Mapafu yamejaa maji. Unaenda hospitali, sasa hivi."

"Siendi."

"Bi Arvilla, niangalie."

"Nimekuja mpaka Iowa unipe vidonge, unanipa hospitali! Si ungeniambia nikiwa jikoni kwangu?"

"Jikoni kwako nisingekuwa nimekuona ukitembea." Hakupandisha sauti. "Siwezi kukuahidi watakachoamua. Naweza kuwapigia kila siku na kuwaambia kwamba nyumbani yupo mtu wa kukuangalia, kukupima uzito asubuhi, kukupa dawa kwa saa zake. Wakijua yupo, hawana haja ya kukupeleka kwingine. Je, yupo?"

Wakanigeukia. Hata Gaylen kule juu alizima injini. Nilitazama trela langu chini ya mwalnati. Kutoka pale lilikuwa dogo kama kiberiti. Arvilla hakuniomba. Alikuwa anatazama kuku.

"Yupo," nikasema.

"Atakaa hadi soya zivunwe," alisema Arvilla, kwa pumzi fupi.

"Yupo, dada. Soya zivunwe zisivunwe."

Basi akatikisa kichwa kukubali, na Janelle akapiga simu ya dharura. Na mnajua swali la kwanza aliloulizwa? Mko jimbo gani. Janelle akasema Iowa, akatoa jina la barabara ya nyumba, wakamwambia barabara hiyo iko Missouri. Akasema mgonjwa yuko Iowa, nyumba ndiyo iko Missouri. Wakamhamishia watu wa Missouri, nao wakasema kama yuko Iowa ni wa Iowa.

"Gaylen, toroli!" nikapiga kelele.

Akaikimbilia toroli ya mbolea kando ya banda la kuku, tukampakia Arvilla, kofia na yote, nikasukuma nikirudi Missouri, Janelle akikimbia pembeni ameshika kidole chake chenye kile kidude, na simu ameibana begani akisema, "Sasa tunavuka! Tuko Missouri! Leteni gari nyumbani!"

"Si umekatazwa kumgusa upande huu?" nilimuuliza nikihema.

"Dharura ni dharura. Hapo yeyote anaruhusiwa."

"Kumbe mtu akizidi kuumwa ndipo anaruhusiwa kutibiwa?"

"Sukuma, mzee!"

Walimkamua maji mwilini kule hospitali mpaka miguu ikawa na mifupa tena. Janelle akapiga simu zake kila siku kama alivyosema, na siku ya kumtoa, mtu wa hospitali alinipigia kuuliza kama kweli mimi naishi pale, kwa kudumu. Hilo neno sijawahi kulitumia juu yangu. Nikasema ndiyo. Arvilla akarudi nyumbani kwa kuku wake.

Janelle hajapata daktari wa kusaini. Doa bado liko ukutani. Kwa hiyo Gaylen alivuta trela langu na trekta lake, akiangalia kile kioo chake, akaliweka kule mbele, Iowa kabisa, kisha akalitolea magurudumu kwa sababu mimi nilimwomba ayatoe. Alhamisi nampeleka Arvilla huko kwa toroli ile ile, nimeitandikia blanketi, Janelle anamkuta kitandani pangu, anapasha chuma chake kiganjani, anamtibu. Wakimaliza wanakunywa kahawa yangu na kuisema vibaya.

Usiku nalala huko, asubuhi navuka kumpima Arvilla uzito. Juzi alikuja mtu wa serikali kuniuliza mimi ni mkazi wa wapi. Nilimwambia aulize trekta.