Uchungu Bila Kinini

Miaka sita Keren Kavugho alisafisha kinini, dawa ya malaria, katika atelier, karakana ya mtaa wa Mususa, na katika mji mzima wa Butembo hapakuwa na mtu wa kumzidi kazi hiyo. Magome ya mikinkina, miti itoayo kinini, yalifika kwa mifuko kutoka kwa wakulima wa Musienene. Aliyasaga, akayachanganya na chokaa, akayaloweka katika mafuta ya moto, kisha akaivuta dawa kutoka kwenye mafuta kwa maji ya asidi. Maji hayo aliyachuja kwa makaa na kuyaacha yapoe polepole. Siku ya tatu kristali zilitokea chini ya beseni, nyeupe, nyembamba kama sindano. Mpaka zikauke, hakumruhusu mtu hata kukohoa karibu nazo.

Alijua kwamba kristali hizo zilitiwa katika matone ya malaria ambayo mwajiri wake, Gamaliel, mwenye atelier, aliyauza kwenye vituo vya afya vya Beni. Ndivyo alivyoambiwa siku ya kwanza, na hakuuliza tena.

Basi Onésime, infirmier, yaani muuguzi, wa kituo kimoja cha Beni, alipoingia Jumatatu moja na katoni ya chupa, Keren alimkasirikia yeye kwanza.

"Mama Keren, hii matone yenu iko uchungu tu," Onésime alisema. "Haiponyeshe mutu. Niko na mama moja, Tamar, mimba ya miezi mbili. Nilimupatia siku saba, na mukono yangu mwenyewe. Homa haikushuka. Mimba imetoka."

"Mulitia maji."

"Mama, hizi chupa hazijafunguliwa. Angalia."

Aliangalia. Vifuniko vilikuwa vizima. Alionja tone moja, akakunja uso kwa uchungu wake. Lakini ulimi si kipimo, na yeye ndiye aliyepaswa kulijua hilo kuliko wote. Alichukua kristali chache, wakavuka barabara hadi kwa Adèle, mbadilishaji wa pesa, mwenye ile taa ndogo ya zambarau ya kukagua noti za dola. Kinini safi katika maji ya asidi, ukiimulika kwa taa hiyo, huwaka buluu.

Adèle alishusha pazia la kibanda. Glasi ya Keren iliwaka buluu mpaka vidole vyake vikaonekana. Kisha akamimina matone ya Onésime katika glasi nyingine, akaongeza asidi kidogo. Giza. Chupa ya pili ilitoa mwanga hafifu tu. Ya tatu, giza tena.

"Hii ni faux, ya bandia," alisema Adèle, ambaye alijua dola peke yake.

Keren alielewa pale pale. Kristali zikishatolewa, beseni hubaki na maji ya kahawia, yaliyojaa machungu mengine ya gome lilelile, ambayo hayana nguvu ya kinini. Kila wiki aliyaweka katika madumu, na kila wiki Gamaliel aliyachukua akisema anakwenda kuyamwaga.

Alimkuta Gamaliel bureau, ofisini kwake.

"Kristali yangu inaendaka wapi?"

Gamaliel, mzee wa kanisa, mtu wa sauti ya upole, hakushtuka. "Ikala chini, dada. Inaenda inje. Kuko batu ba kutengeneza vinywaji, banapenda kinini safi."

"Vinywaji?"

"Limonade fulani ya uchungu. Basi, ile yenye inabakia tunatia mu chupa. Inatoka mu gome moja, iko dawa pia. Batu ba huku habapimake dawa, dada, banaonjaka. Bakisikia uchungu, bamepona nusu."

Keren hakukaa. Miaka sita alichomwa vidole na asidi, akavuta mvuke wa mafuta mpaka kifua kikakwaruza, ili mtu wa mbali aburudike na limonade, na mwanamke wa Beni anyweshwe mabaki ya beseni!

"Tamar alikunywa taka," alisema. "Na ku chupa muliandika jina yangu. 'Imesafishwa na Kavugho.' Jina yangu!"

"Tuliza roho. Nitakuweka chef wa laboratoire, mukubwa wa kazi yote."

"Chef wa taka? Hapana!"

Alivua blouse yake nyeupe, lile koti la kazi, akaiacha juu ya meza ya Gamaliel.

Kesho yake aliazima taa ya Adèle, akapanda gari kwenda Beni pamoja na Onésime. Waliingia kwa daktari Hadassa, aliyesimamia vituo kumi na vinne vilivyotumia matone yale. Hadassa alisikiliza mpaka mwisho.

"Nakuamini," alisema. "Lakini bila karatasi ya vipimo ya laboratoire, namna gani nitakusanya dawa ya vituo yote? Ile karatasi itachukua miezi."

"Miezi! Na wenye homa ya leo, docteur, bangojee karatasi? Ita bainfirmier bako. Kila mutu akuje na chupa yake, isiyofunguliwa. Bataona na macho yao."

Alhamisi walifunika madirisha ya chumba cha mkutano kwa blanketi. Chini ya taa ya Adèle, glasi ya kristali iliwaka kwanza. Halafu wakaja infirmiers kumi na wanne, mmoja mmoja, na kila glasi ilibaki nyeusi au ilimetameta kidogo tu. Kufika ya saba, mtu alitukana kwa sauti. Kufika ya kumi, mzee mmoja wao aliketi chini, akaanza kutaja majina ya wagonjwa aliowaambia wavumilie, wamalize chupa.

Tamar alikuwa amekuja na Onésime. Alisimama mlangoni, mwembamba, amejifunga kitenge mpaka mabegani.

"Weye njo ule Kavugho wa ku chupa?"

"Njo miye, mama."

"Na yenye ulisafisha, ilienda wapi?"

Keren alitaka kusema hakujua. Ilikuwa kweli, na haikutosha. "Ilienda kwa batu benye habakugonjwa. Na miye sikuuliza."

 "Ulipashwa kuuliza," Tamar alisema, akatoka.

Siku hiyohiyo Hadassa alitia saini amri, chupa zote za vituo zikakusanywa. Gamaliel je? Atelier yake ilifungwa wiki mbili, ikafunguliwa tena na jina jipya ukutani, naye Jumapili akakaa kiti chake cha mbele kanisani. Keren aliposikia hayo alipiga meza mpaka kikombe kikaanguka. Kisha akaenda Musienene kwa Éliakim, msemaji wa wakulima wa mikinkina, akamweleza yote.

"Baba yangu alipanda hii miti," Éliakim alisema. "Alisema: ni juu ya kuponyesha homa yetu." Jioni ileile wakulima waliteremsha mifuko kutoka kwenye lori la Gamaliel, wakaacha kumuuzia.

Mwezi wa tatu tangu siku hiyo, atelier ikiwa haina gome hata moja, Gamaliel mwenyewe alifika na jeep. Keren na Éliakim walikuwa Musienene, wanasaga magome kwa kinu cha mahindi ili wasafishe kinini wenyewe.

"Dada, tupatane," alisema. "Pastéri atatuombea."

"Tutapatana," Keren alijibu, bila kuacha kazi. "Lakini tutapatania Beni, mu nyumba ya Tamar. Na weye njo mwenye utaanza kumuambia yenye ulifanya."

Gamaliel alirudi kwenye jeep. Akaipa mgongo njia ya Beni, akageuza kuelekea Butembo.