Pindo la Vidole Vinne

“Nani kati yenu aliyeondoa pindo?”

Mwalimu mkuu aliuliza kwa upole, sketi ya buluu ikiwa imetandazwa mezani kwake kama mgonjwa anayesubiri daktari. Tulikuwa watatu mbele yake, wanafunzi wa mwaka wa tatu wa chuo kikuu: Injinia, aliyeandika programu yetu, Spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kunyamaza dakika tano mfululizo, na mimi, niliyesanifu nguo. Jina la mkosaji nilikuwa nalo, maana lilikuwa langu. Nilichokosa ni sababu.

Mradi wetu ulikuwa rahisi kuueleza. Mzazi anampiga mtoto picha mbili akiwa amesimama mlangoni, programu inakokotoa vipimo, nasi tunashona sare inayomkaa mtoto kana kwamba alizaliwa nayo. Shule hii ilikuwa ya kwanza kutuamini, ikatupa watoto sitini. Siku ya kugawa sare, akina mama walitushika mikono kwa furaha. Miezi mitano baadaye, sketi zilikuwa juu ya magoti na suruali zimepanda juu ya vifundo vya miguu.

“Watoto wamekua, Mwalimu,” alisema Spika. “Hilo hatukulipanga sisi.”

“Watoto hukua kila mwaka, mwanangu. Nguo za mafundi wa mtaani hudumu miaka miwili, kwa kuwa kila muhula pindo linashushwa. Hizi zenu nimezipindua zote sitini. Hakuna cha kushusha.”

Tulipotoka, Injinia alikaa kwenye ngazi za shule akafungua kompyuta. “Upana wa pindo, sentimita moja na nusu. Hii namba nani aliiweka?” Akanitazama. “Wewe.”

“Ilipunguza kitambaa,” nilisema. Ilikuwa kweli, ila kweli ya kujifichia.

Ijumaa hiyo tulikuwa na miadi na meneja wa kiwanda cha vitambaa. Alitaka kutukabidhi shule kumi, na kilichomvutia hasa ni jinsi tulivyotumia kitambaa kidogo.

“Habari ya leo inabaki kati yetu,” alisema Spika. “Funika kombe, mwanaharamu apite.”

Jumatano nilikwenda kwa mama mdogo.

Chumba chake cha kushonea kiko nyuma ya nyumba, nacho kinanuka mafuta ya cherehani na kitambaa kilichotoka kupigwa pasi. Likizo zote za utoto wangu zilipita humo. Nilikuwa na kigoda changu karibu na dirisha, wembe uliozungushiwa kitambaa upande mmoja, na kazi moja tu: kufumua mapindo. Kila mwisho wa muhula majirani walileta sare zimeviringishwa kwenye mifuko, nami nilikata uzi mmoja baada ya mwingine, nikipuliza vilivyojificha ndani ya mkunjo: vumbi la chaki, mchanga, maganda ya penseli. Mama mdogo alikanyaga cherehani huku akiimba nyimbo asizozijua vizuri. Pale maneno yalipompotea, alijazia majina ya wateja wasumbufu, nami nikacheka hadi wembe ukanidondoka. Leo ninayakumbuka hayo yote kwa hamu ambayo wakati ule sikuwa nayo. Wakati ule nilitaka tu kutoka nje nikacheze.

“Shikamoo, mama mdogo.”

“Marahaba, msomi wangu. Mbona umekonda hivyo? Huko chuoni mnakula vitabu?”

Nilimpa ile sketi ya buluu, niliyoiomba kwa mwalimu mkuu. Kabla hata ya kuitazama mbele, aliipindua ndani nje na kupitisha kidole gumba ukingoni.

“Akiba iko wapi?”

“Hatukuweka.”

“Hamkuweka!” Aliangua kicheko. “Yaani hiyo kompyuta yenu inajua mtoto ana miguu, haijui kwamba miguu inarefuka? Mtoto si kabati, umpime leo, umkute vilevile mwakani.” Kisha akanikazia macho. “Ila wewe umefumua mapindo humu ndani miaka minane. Mwingine ningemsamehe. Wewe umesahauje?”

“Sikusahau,” nilisema, na hapo hapo sababu niliyokuwa nikiitafuta ikanijia. “Unaikumbuka sketi yangu ya darasa la tano?”

“Ile niliyoishusha mara tatu? Nguo ya maana ile!”

“Kila ulipoishusha, mstari wa zamani ulibaki. Juu imepauka, chini rangi mpya. Mistari mitatu, mama mdogo. Darasani waliniita Ngazi. ‘Ngazi, njoo tupandie darini!’ Mwaka mzima. Nilipokaa kusanifu sare hizi, nadhani moyo wangu uliapa kimyakimya kwamba hakuna mtoto atakayepewa jina kama hilo kwa sababu ya mkono wangu.”

Mama mdogo aliacha kucheka. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni lake, ingawa haikuwa na vumbi.

“Na mimi ulikuwa ukiniambia nini? ‘Asante, mama mdogo, imenikaa vizuri.’ Kila mara, na tabasamu juu yake.”

“Ningesema nini? Ulikuwa unanishonea kwa mapenzi yako.”

“Ungesema mstari unaonekana! Ningepitisha utepe juu yake, kazi ya robo saa, na hao wenzako wangedhani ni mtindo mpya. Mvaaji akininyamazia, mimi fundi nitajuaje? Macho yangu hayafiki darasani kwenu.”

Chuoni tunafundishwa kumsikiliza mtumiaji kabla ya kubuni chochote, na katika insha zangu nimeliandika jambo hilo kwa ufasaha mkubwa. Hata hivyo, sisi tuliwauliza akina mama peke yao, tena siku ya kwanza, nguo zikiwa bado zinanukia upya. Watoto hatukuwauliza kitu. Mtoto pekee niliyemsikiliza ni yule wa darasa la tano niliyekuwa nimembeba moyoni, naye alikuwa na malalamiko yake tu.

“Haya, kaa,” alisema mama mdogo. “Nionyeshe unavyokunja.”

Hapo ndipo tulipogundua kitu cha kuchekesha: sikujua. Miaka minane nimefumua, kukunja sikuwahi kufundishwa, maana daima nilitoroka kwenda kucheza kabla ya zamu hiyo. Pindo langu la kwanza lilipinda kama njia ya mbuzi. La pili nililishonea upande wa nje. Jua lilipofika kwenye kizingiti cha dirisha, mama mdogo alilaza kiganja juu ya la tatu.

“Hili limelala,” alisema. Sijawahi kupewa alama za mtihani zilizonifurahisha kiasi hicho.

Ijumaa, katika ofisi ya meneja, Spika alizungumza vizuri kuliko siku zote. Meneja, mama mmoja mtulivu, alimsikiliza mpaka mwisho.

“Na wale watoto sitini wa mwanzo,” aliuliza, “wanasemaje?”

Spika alivuta pumzi ya kujibu. Nilimtangulia.

“Sare zao zote zimekuwa fupi,” nilisema. “Pindo niliondoa mimi, wala si programu au wenzangu. Niliondoa kwa aibu yangu ya utotoni, na sikumuuliza mtoto hata mmoja. Kitambaa tunachojisifu kukiokoa ndicho ambacho watoto hao wangekihitaji mwakani.”

Spika alinikanyaga mguu chini ya meza. Injinia hakunitazama, ila alinisogezea glasi yake ya maji.

Meneja aliweka kalamu chini. “Kwa hiyo, binti, unataka nini kwangu?”

“Leo, hakuna. Nitazishona upya zote sitini kwa kitambaa kipya, ziwe na pindo la vidole vinne na utepe wa kufunika mstari. Kila mwisho wa muhula nitakwenda kuwauliza watoto wenyewe, kwa mwaka mzima. Wenzangu wana hiari yao. Mimi sipokei shule nyingine mpaka mwaka huo uishe.”